Kuiaga Fanksheni ya Pokea-Peleka

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Katibu Mkuu wa Wizara, mlezi wetu, dira yetu, na mtu pekee humu ukumbini aliyepewa kiti chenye mto, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, ambaye hayupo lakini ametuma salamu, na salamu zenyewe nimezipokea mimi, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye yupo lakini ameshasinzia, Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka yetu tukufu ya Kumbukumbu, Wakurugenzi wenzangu, Wakurugenzi Wasaidizi, Wasaidizi wa Wakurugenzi Wasaidizi, Mkuu wa Mafundi wa Programu, ambaye baada ya saa za kazi ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, lakini leo ni mtumishi kama watumishi wengine na sitaki mtu aseme tunapendeleana, ndugu mafundi wa kila aina, wa kompyuta na wa mabomba, makarani, walinzi, Mzee Tarishi, mguu na mkono wa ofisi yangu, mke wangu mpenzi, mama watoto, uliyeketi safu ya mbele ukiniangalia kwa macho ambayo utanifafanulia tukifika nyumbani, mabibi na mabwana, wageni waalikwa na wageni waliovutwa na harufu ya chakula: nawasalimu wote, mmoja mmoja na kwa ujumla!

(Makofi ya adabu. Makamu Mwenyekiti anazinduka, anapiga makofi, anarudi kulala.)

Najua siku hizi kuna watu wakishika kipaza sauti wanasema itifaki izingatiwe, halafu wanaruka moja kwa moja kwenye hoja. Mimi si mtu wa kuruka. Mimi ni Mkurugenzi wa Uratibu wa Kati, na kazi ya uratibu wa kati, kama jina linavyojieleza, ni kukaa katikati ili watu wasifike wanakokwenda kwa pupa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, najua kilichokuleta. Umekuja, kwanza, kushuhudia kuondolewa kwa Fanksheni ya Pokea-Peleka. Na pili, kabla hatujafungua mabakuli ya chakula, kutangaza kama Kurugenzi yangu itaendelea kuwepo au itaunganishwa na Kurugenzi ya Ufundi. Na sote hapa ni watu wazima, tunajua maana ya kuunganishwa: mwenzako anapata meza yako, wewe unapata cheti cha utumishi uliotukuka. Kwa hiyo sifichi kitu. Leo naitetea ofisi yangu, kiti changu kinachozunguka, na heshima yangu mbele ya mama watoto, na silaha yangu ni mradi huu, ambao ninathubutu kusema haujapata kutokea.

(Shemeji mtu anakohoa.)

Mpeni maji, jamani. Sasa, kwa faida ya wasio wataalamu, na mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwao mpaka juzi nilipoandikiwa hotuba hii, fanksheni ni nini? Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani ile programu mama inayoziamrisha programu nyingine zote. Ndani ya mfumo endeshi wa Mamlaka yetu kuna sehemu ya kuhifadhi mafaili. Karani akibonyeza kitufe cha kuhifadhi, ombi lake linakwenda kwenye kipande kidogo cha maagizo, na kipande hicho ndicho kinachoitwa fanksheni. Hii yetu, Pokea-Peleka, inalipokea ombi, inalitazama, kisha inalipeleka kwa fanksheni ya pili iitwayo Hifadhi, ambayo ndiyo inayoliandika faili kwenye diski. Hifadhi ikimaliza inatoa jibu, Pokea-Peleka inalipokea jibu, inamrudishia karani. Ukiitazama kwa mbali utasema, masikini, inachapa kazi kweli: ombi linaingia, ombi linatoka, jibu linaingia, jibu linatoka, mchana kutwa haipumziki. Lakini ukiichunguza kwa jicho la kitaalamu unakuta haiongezi neno wala haipunguzi nukta! Ukiitoa, karani ataongea na Hifadhi moja kwa moja, na hatajua kama kuna kilichotoka. Ndugu zangu, kitu cha namna hiyo ni mzigo! Ni kero! Kinakalia nafasi ya umma! Nawauliza, kitu kinachopokea na kupeleka tu, kinatakiwa kibaki?

(Viti vya mafundi: "Hakitakiwi!" Kicheko kinaanza huko nyuma na kuchukua muda mrefu kuisha.)

Asanteni. Naona mada imewagusa.

Mradi huu mtukufu ulizaliwa sebuleni kwangu. Jumapili moja shemeji alikuja kumsalimia dada yake, akanikuta nimejilaza kwenye kochi nikiwaza maendeleo. Akasema, "Shemeji, kuna kifanksheni kimoja kwenye kuhifadhi mafaili, hakina kazi hata kidogo. Nataka kukiondoa." Nikamwuliza, kinaondolewaje? Akasema, "Unakifuta." Nikamwuliza, baada ya kuunda kamati? Akasema, "Kamati ya nini, shemeji? Ni mistari michache. Kesho nikifika nakifuta, hata chai haijapoa." Mabibi na mabwana, nilicheka mpaka mama watoto akatoka jikoni kuuliza kulikoni. Nikamwambia yule binti, kwa upole wa mlezi, kwamba mali ya umma haifutwi. Mali ya umma inaondolewa kwa mchakato shirikishi wenye fremuweki, rodimapu na mailistoni, na wala haihusiani na chai.

(Makofi kutoka kwa Wakurugenzi Wasaidizi.)

Kesho yake asubuhi, kabla sijavua koti, huyu huyu Mkuu wa Mafundi alikuja akasimama mlangoni pangu, akaanza kusema jambo fulani kuhusu fanksheni. Nilimnyamazisha kwa kiganja, hivi, kwa sababu nilikuwa nachora nembo ya mradi na nilikuwa nimefika kwenye mabawa. Nikamwambia, chochote ulicho nacho kiwasilishe kwenye kikao cha kwanza cha Kamati Elekezi. Ndivyo uongozi unavyofanya kazi: taarifa haiingii ovyo ovyo kama nzi, inasubiri kikao.

Na tangu siku ile, Mheshimiwa, hatujalala! Tumeunda Kamati Elekezi, tumeunda Kamati Ndogo ya kuishauri Kamati Elekezi, tumeunda Kikosi Kazi cha kuzipatanisha kamati hizo mbili. Tumefanya wokshopu ya kuwajengea uwezo stekiholda, yaani wadau, katika hoteli iliyo kando ya maji, kwa kuwa utafiti umeonyesha stekiholda huelewa zaidi wakiwa karibu na maji. Tumekwenda safari ya mafunzo nje ya nchi, tukaangalia jengo ambalo ndani yake wenzetu wanaziondoa fanksheni zao. Hatukuingia, ilikuwa sikukuu, lakini tulipiga picha mlangoni na picha hizo zipo. Tumefanya tathmini ya athari kwa mazingira, tukiuliza swali ambalo wengi hawathubutu kuuliza: fanksheni ikishafutwa, inatupwa wapi? Na uelewa wa watumishi kuhusu mradi umepanda kutoka sifuri hadi asilimia mia moja na kumi na mbili. Hizo kumi na mbili za juu ni wale walioelewa mara mbili.

(Kicheko. Mkurugenzi wa Fedha anajifuta uso kwa leso na kuangalia dari.)

Tumechapisha fulana. Fulana zenyewe mnaniona nimevaa moja ndani ya koti: faili lenye mabawa, na chini yake maneno "Nenda Salama, Pokea-Peleka". Makatoni ya zilizobaki yote yapo nyumbani kwangu, sebuleni, yamepanda mpaka kwenye swichi ya taa, kwa sababu watu wa stoo waliyakataa kwa kisingizio kwamba hawawezi kupokea mali ya mradi usio na namba. Nikawauliza, namba inatoka wapi? Wakasema inatoka kwenye kumbukumbu za kikao cha kwanza. Sasa kikao cha kwanza tulikuwa tumekiahirisha ili wajumbe wapate muda wa kujiandaa, na kusema kweli maandalizi yalikuwa yananoga, tukaona tusiyakatize. Urasimu, ndugu zangu! Urasimu ndio adui mkubwa wa ofisi kama yangu.

(Mama watoto, kwa sauti ya kusikika: "Kochi lenyewe siku hizi halionekani.")

Nimelipokea hilo, mama watoto, nitalipeleka panapohusika.

Wapo watakaouliza, fanksheni hii isiyo na kazi iliwekwa ya nini? Swali zuri. Nimejibiwa na mafundi kwamba zamani Mamlaka ilikuwa na diski za aina mbili. Ombi likija, Pokea-Peleka ilikuwa inaamua: wewe nenda diski hii, wewe nenda ile. Wakati huo ilikuwa na maana, haikuwa ya mchezo. Baadaye zile diski za zamani ziliondolewa, ikabaki aina moja tu, lakini Pokea-Peleka hakuna aliyekumbuka kuiaga. Ikaendelea kukaa pale pale, inapokea, inatazama kana kwamba kuna cha kuchagua, inapeleka kule kule. Inasikitisha, siwafichi. Ukiiwazia sana unaweza kudhani inajiona muhimu.

(Kiti kinalia.)

Tofautisheni na Kurugenzi yangu! Kurugenzi ya Uratibu wa Kati iliundwa wakati Mamlaka ina majengo mawili, hili na lile la ng'ambo ya barabara lililokuwa na paa linalovuja. Faili likitoka masjala lilikuja kwangu, nami nikaamua: wewe nenda jengo hili, wewe nenda lile. Kisha lile la ng'ambo likabomolewa, mnajua, pale sasa pana maegesho. Je, Kurugenzi ilitetereka? Haikutetereka! Mafaili yakaendelea kuja kwangu, nikiyatazama, nikiandika "Nimeona, iendelee", na Mzee Tarishi akiyapandisha ghorofa ya pili kwa mafundi. Hakuna faili hata moja lililowahi kupotea kati ya meza yangu na ngazi. Hebu niambieni, nani mwingine humu anaweza kujivunia...

(Kicheko kinapasuka. Mafundi wawili wanatoka nje wakiwa wameshikana mabega.)

Wanaokwenda msalani waende kimyakimya. Nilikuwa nasema, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kama unatafuta ushahidi wa ufanisi, usiende mbali, panda uje uione meza yangu. Wenzangu hawa ukienda kwao unaongea na mlima wa mafaili, hata mwenye ofisi humwoni. Kwangu meza inang'aa! Tangu mvua za kwanza, hakuna faili lililolala kwangu. Asubuhi nafika, trei ya kuingia ni tupu. Jioni naondoka, trei ya kutoka ni tupu. Mwanzoni nilidhani ni bahati, nikaja kugundua ni matunda ya uongozi wangu. Nimeipata ile hali ambayo wataalamu wa menejimenti wanaiota tu. Na muda uliookolewa sijaupoteza, nimeuelekeza kwa watumishi wapya: kila anayeajiriwa, siku yake ya kwanza, analetwa kwangu, nami namweleza muundo wa Kurugenzi kwa mchoro, asubuhi nzima, mpaka atoke ameiva.

(Mgeni Rasmi anainamia upande wa Mkurugenzi Mkuu, wananong'onezana.)

Naona wakubwa wananong'ona, na mimi nakipenda kinong'ono cha kazi. Basi tufike kwenye kilele cha shughuli. Pazia lifunguliwe! Hapa ukutani mnaona kioo kikubwa cha kuonyeshea yaliyo kwenye kompyuta, na hapa mezani kuna kompyuta iliyofungwa utepe, na mkasi uko kwenye sahani. Mgeni Rasmi atakata utepe, kisha Mkuu wa Mafundi ataitafuta Pokea-Peleka ndani ya msimbo, yaani maandishi ya programu, mbele ya macho yetu sote, naye Mgeni Rasmi kwa kidole chake mwenyewe atabonyeza kitufe cha kufuta, na historia itaandikwa. Mpiga picha, sogea. Mheshimiwa, karibu. Haya, utepe huo umekatika!

(Makofi marefu. Mkuu wa Mafundi anakaa mbele ya kompyuta, anaandika jina la fanksheni, anabonyeza. Kioo kinabaki cheupe.)

Bado inatafuta. Ni kitu kikubwa, hakiwezi kuja upesi. Mkuu wa Mafundi, inasemaje?

("Inasema haipo.")

Itafute vizuri, binti. Mgeni Rasmi amesimama. Labda umekosea herufi.

("Sijakosea, shemeji. Haipo. Niliifuta.")

Uliifuta lini?

("Jumatatu ile ile. Nilikuja mlangoni kwako kukuambia kwamba tayari, ukaninyooshea kiganja.")

(Ukumbi mzima unaangua kicheko. Makamu Mwenyekiti anaamka kabisa.)

Utulivu, jamani! Utulivu! Wanahabari, hapo mnaweza kuzima kidogo. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwanza kabisa nikupongeze, kwa sababu umeshuhudia jambo ambalo halijawahi kutokea katika utumishi: mradi umekamilika kabla ya kuanza! Wenzetu wanachelewa miaka na miaka, sisi tumewahi! Tumewahi mno, labda, ukilinganisha na ratiba ya rodimapu, lakini kosa la kuwahi halimo kwenye kanuni. Shemeji, maana sasa nakuita shemeji, hebu njoo karibu nikuambie kitu. Huwezi kuirudisha? Kwa dakika moja tu. Unairudisha, Mheshimiwa anabonyeza, tunapiga makofi, tunakwenda kula.

("Ninaweza.")

Mnaona! Msichana wa watu ana akili.

("Ila kurudisha kitu kwenye mfumo kunahitaji kibali cha Kamati Elekezi, na ni wewe mwenyewe uliyesema: chochote kisubiri kikao cha kwanza.")

(Kicheko. Mama watoto amejifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika.)

Ndugu zangu, kuchekwa na shemeji si aibu, ni utani wetu wa nyumbani, msije mkaunakili kwenye taarifa. Nisaidie basi jambo moja, Mkuu wa Mafundi, uwaeleze kitaalamu, kwa kifupi, ili umma uelewe uzito wa kazi. Uliifutaje peke yako bila kuleta maafa? Na kwa nini ulikuwa na haraka hivyo? Kilikuwa kinamdhuru nani?

("Hakikuwa kinamdhuru mtu. Ila kila fundi mpya akifika alikuwa anapoteza asubuhi nzima akikisoma, akidhani lazima kina maana. Na kukiondoa si kazi: kwanza unakipita pembeni, unawaunganisha waliokuwa wanakitumia na yule anayefanya kazi yenyewe. Halafu unasubiri. Kama hakuna anayelalamika, unakifuta. Pokea-Peleka tulikuwa tumeipita pembeni muda mrefu kabla ya Jumapili ile. Hajalalamika mtu.")

Asubuhi nzima. Mmesikia hasara hiyo? Mtumishi mpya, anakaa asubuhi nzima anaelezwa kitu ambacho...

(Anakunywa maji.)

Tuendelee. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naona unaomba kuuliza. Karibu sana. Kumbe haniulizi mimi, anamwuliza Mzee Tarishi. Mzee wangu, simama, usiogope, mjibu Mheshimiwa: mara ya mwisho kuleta faili mezani kwangu ilikuwa lini?

(Mzee Tarishi anasimama na kuvua kofia. "Kabla ya mvua, Mheshimiwa. Baada ya hapo niliambiwa nikitoka masjala nipande moja kwa moja juu kwa mafundi. Bosi mwenyewe tukikutana kwenye ngazi nina mafaili kwapani, ananiambia, chapa kazi mzee.")

Nilikuwa nakutia moyo. Aliyekuambia hivyo ni nani?

(Mzee Tarishi anamtazama Mgeni Rasmi. Mgeni Rasmi anavuta kipaza sauti cha mezani: "Ni mimi, Mkurugenzi. Nilipopata lile pendekezo la kuunganisha ofisi sikutaka kukuonea. Nikamwuliza Mkuu wa Mafundi, mtu anajuaje kama kitu kina kazi au hakina? Akanieleza hivi alivyowaeleza ninyi. Nikaona nijaribu. Nimesubiri malalamiko kutoka masjala, hakuna. Kutoka kwa mafundi, hakuna. Kutoka kwa wananchi dirishani, hakuna, isipokuwa mmoja aliyeuliza kwa nini siku hizi hati zinatoka upesi. Nikasema basi, angalau mwenye ofisi atalalamika. Leo nimekusikia ukijisifu kwa meza tupu.")

(Hakuna anayecheka.)

("Shemeji, Mungu shahidi," anasema Mkuu wa Mafundi, "mimi nilidhani ananiuliza habari za msimbo.")

Najua, shemeji. Kaa tu. Hukukosea, umejibu ulichoulizwa, kitu ambacho mimi nimekikwepa maisha yangu yote ya utumishi.

Nimeona aibu, mabibi na mabwana. Siwezi kusema kwa lugha ya mradi, nasema tu hivyo: masikio yananiwaka, na hii fulana ninaiona kama inanibana. Yaani nimepitwa pembeni, na sikuhisi hata upepo! Nilikuwa nafika asubuhi, naning'iniza koti, nazungusha kiti, nasaini hewa. Lakini hotuba imebaki ukurasa mmoja, na mimi sijawahi kuacha hotuba njiani, kwa hiyo mtanivumilia nisome yaliyoandikwa, hata kama yaliandikwa na mtu mwingine kwa ajili ya mtu mwingine. Hapa pameandikwa "kaulimbiu, kwa nguvu". Nikisema "Kisicho na kazi", nanyi mseme "Kiondoke". Kisicho na kazi!

("Kiondoke!")

Kinachopokea na kupeleka!

("Kiondoke!" Kwa furaha zaidi.)

Kisicho na... Basi, basi. Inatosha. Mmeelewa, na mimi nimeelewa.

Panafuata shukrani. Namshukuru Mgeni Rasmi kwa kukata utepe wa kitu ambacho hakikuwepo. Nawashukuru wajumbe wa Kamati Elekezi, ambao leo ndiyo tumekutana kwa mara ya kwanza; karibuni sana, nilikuwa nawafahamu kwa majina tu. Nawashukuru wajumbe wa Kikosi Kazi, ingawa nikiwahesabu kwa macho naona ni wale wale. Naishukuru hoteli ya kando ya maji, ambayo kusema ukweli ndiyo kitu pekee katika mradi huu nilichokishika kwa mikono. Mradi wenyewe, ndugu zangu, haukuwahi kupata namba, haukuwahi kukaa kikao, haukuwahi kuwa na kitu cha kuondoa. Ulikuwa nembo, fulana na mimi.

Sasa kwa kuwa utaratibu tumefundishwa hapa hapa, tuufuate mpaka mwisho. Nimepitwa pembeni, mmesubiri, imebaki hatua moja. Nawauliza kwa heshima zote, na mtu asijibu kwa kunionea huruma: Kurugenzi ya Uratibu wa Kati ikifutwa leo, yupo anayelalamika?

(Feni inazunguka. Mzee Tarishi anaangalia kofia yake.)

Hakuna? Makarani? Masjala? Hata wewe, Mkurugenzi wa Fedha, tuliyesafiri wote?

(Safu ya mbele mkono mmoja unanyooka. Ni wa mama watoto.)

Ah! Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba iandikwe kwamba yupo mmoja. Mke wangu, asante. Asante sana. Sikutegemea. Simama, mama watoto, usione haya, waambie unalalamikia nini.

("Nalalamikia yale makatoni. Ukifutwa wewe, ya kwako yameisha. Yale yanatoka lini sebuleni kwangu?")

(Kicheko kinautikisa ukumbi. Na msemaji mwenyewe anacheka, kwanza kidogo, halafu mpaka anashika meza.)

Nilidhani unanililia mimi.

("Wewe nitakulilia nikipata pa kukaa.")

Umesikika. Nasema yanatoka leo, mama watoto, kabla jua halijazama. Naona Mzee Tarishi ameshaanza kuvaa kofia, na Wasaidizi wawili wamesimama kutafuta atakayemwambia dereva amwambie mlinzi. Kaeni, jamani. Kaeni mle. Sitaki wa kupokea wala wa kupeleka. Nawashukuru kwa kunisikiliza, na kwaherini. Shemeji, nishikie koti. Nakwenda kuyabeba mwenyewe.